Jumapili ya Nairobi na Haki ya Kuketi

Siku za kazi abiria humuuliza kondakta nauli. Jumapili humuuliza njia. Hilo nililijua mapema nilipokuwa kondakta wa mabasi ya KBS miaka ya 1970. Familia zilizopandia Makadara zikiwa zimevaa nguo za kanisani, vijana wa Eastleigh na kanzu zilizonyoshwa kwa pasi, wasichana watatu wanne wakimchangia mwenzao nauli, wote walikuwa na swali moja: tushukie wapi ili tuone mji, tupate pahali pa kukaa na kula kitu, turudi kabla ya giza?

Siku hizi mjukuu wangu na marafiki zake hutoka vivyo hivyo. Hukutana saa nne unusu kwa hicho wanachokiita branchi, mayai na kahawa vinavyoliwa mtu akielekea chakula cha mchana, kisha huzunguka mjini wakipigana picha. Katika kutoka kwao sioni jipya. Jipya ni kwamba hakuna anayewauliza wameketi hapo kwa ruhusa ya nani. Kwa jinsi nilivyoyaona na nilivyosimuliwa, matembezi ya Nairobi yalianza na swali hilo.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na haukupita muda mrefu kabla ya mji kuwa na mahali pa starehe. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa Desemba 1904, na masetla waliotoka mashambani walikaa barazani pake wakinywa na kutazama barabara. Mwaka 1906 mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee aliupa mji bustani ambayo mpaka leo ina jina lake, akaweka humo sanamu ya Malkia Victoria. Mwaka uliofuata ikaanzishwa Arboretum, nayo haikuwa ya matembezi kwanza: garimoshi lilikuwa likila kuni, na serikali ilitaka kujua ni miti gani ya kigeni ingekua upesi katika udongo wetu. Miti ikakua, kivuli kikapatikana, watu wakakifuata. City Park nayo ikatangazwa bustani ya umma mwaka 1925, na jukwaa la bendi likawekwa.

Umma uliokusudiwa ni upi? Jeevanjee mwenyewe, pamoja na mali yake na kiti alichopata katika Baraza la Kutunga Sheria, hakuruhusiwa kununua shamba katika nyanda za juu zilizotengewa Wazungu. Wahindi na Wagoa walijenga klabu zao wenyewe. Mwafrika aliyeonekana bustanini kwa kawaida alikuwa kazini, mtunza maua au yaya. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande, karatasi ya alama za vidole na majina ya waajiri wake, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Mtu wa kipande alipita mjini. Kuketi ni kitu kingine, maana aliyeketi huulizwa anangoja nini.

Waliokosa pa kuketi mjini walikuwa na pao Majengo, Pumwani, mtaa uliotengewa Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Nyanya yangu aliuza mahamri huko. Unga aliukanda usiku kwa tui la nazi, sukari, iliki na hamira, akaufunika uumuke, na baada ya sala ya alfajiri akaanza kusukuma na kukata. Nazi zilikuja kwa treni kutoka Mombasa. Mbaazi alizichemsha hadi zikalainika, akazimalizia kwa tui zito. Mafuta yalipoanza kuchemka kwenye karai, harufu ilifika nyumba ya nne.

Wateja wake wakubwa wa Jumapili hawakuja asubuhi na mapema. Walikuja saa nne, na sababu ilikuwa kazi zao. Walinzi wa usiku walikuwa wametoka zamu wakalala kidogo. Wachochea makaa wa reli walikuwa wamenawa masizi. Wapishi na maboi wa Muthaiga na Upper Hill walikuwa wamekwisha kuwaandalia mabwana zao kiamshakinywa, wakaosha vyombo, na ndipo wakapata saa zao chache. Watu waliopika mayai ya wengine tangu saa kumi na mbili walikula chakula chao cha kwanza jua likiwa juu. Walikaa barazani kwa nyanya, wakachovya mahamri kwenye mbaazi, wakateremshia chai ya tangawizi, wakapeana habari za kwao Murang'a, Kisumu, Machakos, Tanga. Mwenye pesa aliwalipia wenzake na zamu ikazunguka wiki iliyofuata.

Walipomaliza walikwenda kutembea. Njia yao ilipita Kariokor, ikaingia River Road, ikafika kwenye maduka ya Wahindi ya ile ambayo leo ni Biashara Street. Maduka yalikuwa yamefungwa, lakini vioo havikufungwa, na kutazama vitambaa hakukuwa na ada. Wengine waliishia kwenye ngoma au mpira. Walirudi miguu ikiuma, kwa kuwa katika mzunguko wote ule hawakuwa na benchi lao.

Hata hicho kidogo kikakatizwa. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, jeshi na polisi waliuzingira mji wakawakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kizuizini. Mama alisema nyanya aliendelea kukanda unga wa kiasi kile kile kwa majuma kadhaa, kisha akapunguza, kwa sababu wateja wengi walikuwa katika kambi za Manyani na Langata nyuma ya seng'enge.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, mlango ulifunguka kwa mwenye senti za chai. Baba, mfanyakazi wa reli, alimchukua mama Jumapili moja hadi hoteli ya katikati ya mji. Weita aliyewapokea alikuwa jirani wa Pumwani, naye akamnong'oneza, "Mzee, umepotea?" Baba akajibu, "Sijapotea. Nimekuja kunywa chai." Wakaletewa birika, maziwa kando, na vipande vya mkate vilivyokatwa pembe. Mama alisema chai ile ilikuwa nyepesi, na kwamba baba aliisifu njia nzima.

Wengi hawakuwa na hela za birika lile, na kwa hao tarehe kubwa ni 23 Mei 1969, Rais Jomo Kenyatta alipofungua Uhuru Park. Hapo ndipo nilipoona mji ukiketi. Palikuwa na ziwa la kuchimbwa na mashua za kukodi, nyasi za kulalia, na mlima mdogo wa kuutazama mji wote. Wapiga picha walizunguka na kamera shingoni: unalipa nusu, unasimama mkono kiunoni huku mji ukiwa nyuma yako, Jumapili inayofuata unarudi kuchukua picha na kumaliza deni. Chakula kilikuwa yai la kuchemsha lililopasuliwa na kutiwa kachumbari, njugu kwenye karatasi, aiskrimu ya kwenye sanduku la baiskeli, na soda moja yenye mirija miwili.

Kuanzia hapo orodha ya vitu vya kutazama ilikua, na sisi makondakta tukawa waelekezaji. Mwaka 1973 jumba la mikutano la KICC lilikamilika, ghorofa 28, kazi ya msanifu kutoka Norway, Karl Henrik Nøstvik, pamoja na David Mutiso, likawahi mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Watu kutoka mashambani walisimama chini wakahesabu ghorofa, wakabishana, wakaanza upya. Januari 1974 ndovu Ahmed wa Marsabit alikufa, yule ambaye Kenyatta alikuwa ametoa amri alindwe, na sanamu yake ya ukubwa kamili ikawekwa kwenye Makavazi ya Taifa. Nimebeba watoto wengi waliokuwa wakienda "kwa Ahmed" kana kwamba ni ami yao. City Park walikwenda na ndizi na njugu kwa ajili ya tumbili. Na mwaka 1978, jengo jipya la uwanja wa ndege lilipofunguliwa, basi namba 34 lilijaa watu wasiosafiri: walikwenda kuona ndege ikipaa, wakapunga mikono, wakarudi.

Nyumba za chai za mjini nazo zikachukua nafasi ya baraza la nyanya. Mbaazi, mahamri, chapati na maharagwe, chai iliyochemshwa na maziwa mpaka ikawa nzito. Marafiki walikutana humo kabla ya kuzunguka, na kanuni ilikuwa ile ile ya Majengo: leo mimi, kesho wewe.

Kwa hiyo mtu angedhani haki ya kuketi ilikwisha kupatikana. Mwaka 1989 tukasikia kwamba ndani ya Uhuru Park litajengwa jumba la ghorofa 60, makao ya gazeti la chama tawala. Mtetezi wa mazingira Wangari Maathai aliandika barua, akapinga, akatukanwa bungeni, hakunyamaza. Wafadhili wakajitoa na mradi ukaachwa. Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula katika kona ya bustani hiyo hiyo, wakapigwa na polisi, na kona hiyo tunaiita Freedom Corner. Mwaka 1991 Jeevanjee Gardens nayo ilikusudiwa kujengwa majengo, na mjukuu wa mzee Jeevanjee, Zarina Patel, akaongoza watu kuitetea. City Park ilimegwa vipande. Januari 1999 Maathai na wenzake walikwenda msitu wa Karura, ambao ulikuwa umegawiwa wajenzi binafsi, kupanda miti, wakashambuliwa na majambazi waliokodiwa, naye akapasuliwa kichwa.

Mwaka huo huo wa 1999, upande wa pili wa mji, mkahawa wa kwanza wa Java House ulifunguliwa Adams Arcade. Kenya ilikuwa imelima kahawa nzuri tangu ukoloni na kuiuza karibu yote ng'ambo, sisi tukanywa chai. Mkahawa ule na mingine iliyoufuata ilifundisha tabaka jipya la Nairobi kukaa saa mbili juu ya kikombe kimoja, kula mayai saa tano, kukutana na marafiki bila kusingizia harusi wala matanga. Hiyo ndiyo branchi ya mjukuu wangu. Nimekwenda naye. Chakula ni kizuri, viti ni laini, na bei ya sahani moja ingelisha baraza zima la nyanya.

Karura leo ina seng'enge, njia za miguu na za baiskeli, maporomoko ya maji, mapango, na mkahawa ndani yake. Vijana hutembea asubuhi, wakala, wakapiga picha, wakarudi Ngara au Ruaka jioni. Wengi wao walizaliwa baada ya ule msukosuko wa miti, na ni haki yao kufurahia bila kubeba uchungu wa watu wengine. Lakini huwaambia, na hapa nakuambia na wewe: meza ile ipo kwa sababu mtu alipasuliwa kichwa ili msitu usiwe nyumba za kupanga.

Uamuzi wangu ni huu. Mkahawa ni mzuri, ila unapima haki ya kuketi kwa mfuko, kama hoteli ya baba ilivyoipima kwanza kwa rangi na baadaye kwa senti za chai. Bustani ya umma haipimi. Mkipanga kutoka na marafiki, kahawa inyweni mnapopenda, lakini tengeni sehemu ya siku kwa Jeevanjee, City Park au Uhuru Park. Beba mahamri yako, keti nyasini, mnunulie mwenzako soda. Wanaonyakua ardhi hutafuta kwanza pale pasipo na watu. Na ukiona mabati yamezungushwa penye benchi, usingoje gazeti likuandikie: uliza ni ya nani, na kwa kibali cha nani.