Safari ya kayaki baharini

Safari ya kayaki baharini ni safari ya kupiga kafi kandokando ya pwani au kati ya visiwa kwa chombo chembamba, chepesi na kirefu. Asili ya kayaki ni jamii za Aktiki, zikiwemo Wainuit na Waaleuti, zilizoiunda kwa mbao au mifupa na kuivika ngozi ya wanyama wa baharini kwa ajili ya uwindaji. Kafi yake ina bapa pande zote mbili.

Mipango ya safari hutegemea upepo, maji na umbali. Kwa mfano, kisiwani Unguja, kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na kusi takriban Aprili hadi Oktoba. Pepo zote mbili huipiga pwani ya mashariki. Ya magharibi imekingika zaidi. Wakati wa bamvua, mwezi uandamapo na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4 na mikondo huwa mikali. Maji yakitoka, sehemu kubwa ya pwani ya mashariki hubaki kavu hadi karibu na mwamba wa matumbawe, na kayaki haiwezi kurudi ufukweni mpaka yajae. Maji mafu huwa na mikondo hafifu zaidi.

Ghuba ya Menai kisiwani humo, eneo la hifadhi tangu 1997, ina visiwa vidogo kama Kwale vinavyofaa kwa safari fupi. Vifaa vya lazima ni jaketi okozi, filimbi, kafi ya akiba, maji ya kunywa na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Taarifa ya njia na saa ya kurejea huachiwa mtu aliye nchi kavu.