Mfasiri na Tarumbeta: Jazi katika Sinema Ikitazamwa kutoka Muthara

Historia ya jazi katika sinema imeandikwa mara nyingi, na karibu kila mara imeandikwa kutoka New York, Hollywood au Paris. Makala haya yanaitazama kutoka Muthara, huko Tigania, upande wa milima ya Nyambene katika Meru. Hatupachagui mahali hapa kwa kuwa pana nafasi maalumu katika historia hiyo, bali kwa kuwa hapana. Mtazamaji wa Muthara tutakayemrejelea ni mtazamaji dhahania, kama vile wahakiki wa riwaya wanavyomzungumzia msomaji dhahania. Mazingira tunamomweka, yaani gari la sinema, redio na kibanda cha video, si ya kubuni. Dai letu ni kwamba jazi iliingia katika sinema kwa kutengwa na miili ya wale walioipiga, na kwamba hadhira za Afrika Mashariki, ambazo kwa muda mrefu zilipokea picha kwa njia moja na sauti kwa njia nyingine, zinatuwezesha kuuona utengano huo waziwazi zaidi.

Filamu inayotajwa kwanza kila mara ni The Jazz Singer, iliyoonyeshwa New York tarehe 6 Oktoba 1927. Hutajwa kwa sababu ilizifungulia njia sinema zenye sauti. Jina lake linaahidi mwimbaji wa jazi. Anayetokea ni Al Jolson, mwana wa kiongozi wa nyimbo za ibada ya Kiyahudi katika hadithi na katika maisha yake halisi pia, akiwa amejipaka weusi usoni ili aigize mtu mweusi. Anachokiimba ni nyimbo za majukwaa ya burudani ya wakati huo, na jazi imo kwa kuonjwa tu. Tukitumia istilahi za fasihi simulizi, tutasema kwamba fanani mwenyewe hayupo. Yupo anayemwigiza, na aliyeigizwa amebaki nje ya mlango huku jina la sanaa yake likiandikwa juu yake.

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1929, mwelekezi Dudley Murphy alitengeneza filamu mbili fupi ambazo zilimruhusu fanani aingie. Katika St. Louis Blues anaonekana Bessie Smith, na hiyo ndiyo filamu pekee tuliyo nayo ya mwimbaji huyo. Katika Black and Tan, Duke Ellington anajiigiza mwenyewe pamoja na bendi yake. Hata hivyo, kuingia huko kulikuwa na masharti. Bessie Smith anaingia kama mwanamke aliyepigwa na kuachwa na mpenzi wake. Bendi ya Ellington inapiga huku mcheza ngoma, Fredi Washington, akikata roho. Muziki unakubaliwa pale unapokuwa maombolezo.

Kipindi kilichofuata hatuna haja ya kukikalia sana. Mwaka wa 1943 zilitoka Cabin in the Sky na Stormy Weather, filamu mbili za wahusika weusi watupu, na ya pili iliwakusanya Lena Horne, Fats Waller na Cab Calloway katika hadithi ambayo ni kisingizio tu cha kuwapandisha jukwaani mmoja baada ya mwingine. Lakini jambo moja linamhusu mhakiki wa muundo moja kwa moja. Katika filamu za wahusika weupe, nyimbo za Lena Horne zilipangwa kwa namna ambayo zingeweza kukatwa kwa ajili ya majumba ya sinema ya kusini mwa Marekani bila ploti kuyumba. Sisi tumezoea kufundisha kwamba tukio lisiloisukuma ploti ni udhaifu wa mtunzi. Hapa udhaifu huo ulikuwa umekusudiwa na kupimwa kwa mkasi.

Filamu inayostahili kutuliwa zaidi ni Jammin' the Blues, iliyoelekezwa na mpigapicha Gjon Mili mwaka wa 1944. Ina urefu wa dakika kumi hivi. Inaanza na duara mbili ambazo mtazamaji hazitambui mara moja, mpaka kichwa kinapoinuka na duara hizo kuwa kofia ya Lester Young. Kisha moshi wa sigara, saksafoni, ukimya wa uso. Hakuna hadithi, hakuna anayekufa. Ni watu wakifanya kazi yao, na kamera imekubali kwamba kazi hiyo inatosha. Miongoni mwa wapigaji alikuwemo mpiga gitaa mweupe, Barney Kessel. Studio iliogopa kumwonyesha mtu mweupe akipiga pamoja na weusi, kwa hiyo Kessel aliwekwa kivulini, na inasimuliwa kwamba mikono yake ilipakwa maji ya matunda meusi ili isitambulikane katika picha za karibu. Iweke mikono hiyo kando ya uso wa Jolson. Mmoja alipakwa weusi ili aonekane, mwingine ili asionekane. Nadhani hakuna mahali pengine ambapo siasa ya rangi katika sinema ya muziki imejifichua kwa ufupi kiasi hicho.

Katika miaka hiyohiyo, sinema iliyoletwa vijijini Kenya ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Serikali ya Uingereza ilianzisha Kitengo cha Filamu cha Makoloni mwaka wa 1939, na kitengo hicho kilidumu hadi 1955. Kiongozi wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata mbinu za sinema, hivyo atengenezewe filamu za picha ndefu, za mwendo wa polepole, zisizo na ujanja wa uhariri. Nyingi zilikuwa bubu. Sauti ilitoka kwa mfasiri aliyesimama karibu na gari, kipaza sauti mkononi, akieleza kwa lugha ya mahali pale. Kabla ya hapo, kati ya 1935 na 1937, jaribio la sinema ya elimu lililokuwa na makao yake Vugiri, Usambara, lilikuwa limetumia filamu ambazo sauti yake ilikuwa katika sahani za santuri na si katika ukanda wenyewe, ili lugha ibadilishwe picha isibadilike. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuigusa Meru na Embu kwa uchungu mkubwa, magari hayo ya sinema yalikuwa chombo cha propaganda pia.

Nadharia ya Sellers juu ya akili ya Mwafrika haina thamani yoyote leo, na hatuoni sababu ya kuijadili. Utaratibu wake ndio unaotuhusu. Mtazamaji wa Muthara alifundishwa kwamba picha na sauti ni vitu viwili vinavyotoka sehemu mbili: picha hutoka London, sauti hutoka kwa mtu anayeonekana akimeza mate kati ya sentensi. Alichokinyimwa ni muziki wa filamu. Alichokipata ni fanani aliye hai. Mfasiri huyo alilazimika kuyapima maneno yake kwa urefu wa picha asiyoitengeneza, akiharakisha pale ukanda ulipokatika, akirefusha pale watu walipocheka. Idara zetu zimekusanya methali, vitendawili na nyimbo za tohara kwa bidii ya kupongezwa, lakini sanaa ya mfasiri wa gari la sinema zimeipita kwa kudhani kuwa ni kazi ya ukarani. Kwa kuwa maneno yake kwa kawaida hayakurekodiwa, hasara hiyo hairekebishiki.

Usiku wa tarehe 4 kuamkia 5 Desemba 1957, Miles Davis aliingia studio mjini Paris kupiga muziki wa filamu ya Louis Malle, Ascenseur pour l'échafaud. Alikuwa na maandalizi machache. Vipande vya filamu vilionyeshwa mbele yake na wenzake, na wakapiga wakivitazama: Jeanne Moreau akitembea usiku barabarani, tarumbeta ikitembea naye. Tendo hilo limesifiwa kama upeo wa jazi katika sinema, na sifa hizo ni za haki. Lakini mtu aliyelelewa na gari la sinema hawezi kulishangaa kama wanavyolishangaa wengine. Mtu amesimama mbele ya picha asiyoitengeneza na kuitungia sauti papo hapo. Tofauti ni kwamba ya Paris ilinaswa kwenye utepe na jina la mpigaji likachapishwa.

Neno lenyewe, wakati huo, lilikuwa limeshafika kwetu kwa njia isiyo ya sinema. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka wa 1932, Morogoro Jazz mwaka wa 1944, NUTA Jazz mwaka wa 1964. Na huko Leopoldville palikuwa na African Jazz na OK Jazz. Muziki wa bendi hizi haukuwa jazi ya Ellington. Ulikuwa muziki wa dansi, rumba ikiwa nguzo yake, na neno jazi lilimaanisha ujana, suti na umeme. Kuna wanaocheka wakidai kwamba jina liliazimwa bila mali. Kicheko hicho tungependa kukielekeza kwa filamu ya 1927.

La kusikitisha ni jambo jingine. Runinga ilianza Kenya mwaka wa 1962, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha runinga hadi 1994. Mbaraka Mwinshehe aliyeipa Morogoro Jazz umaarufu wake, na aliyepiga hadi Osaka katika maonyesho ya mwaka wa 1970, alifariki Januari 1979 kwa ajali ya barabarani Mombasa. Sauti yake ilivuka mipaka kwa redio na santuri hadi Meru. Mwili wake, jinsi alivyolishika gitaa na alivyowageukia wenzake kuwapa ishara, kamera haikuufuata kama ilivyoufuata wa Lester Young.

Hali hii ya sauti kusafiri peke yake haijaisha. Mwaka wa 2005 Jim Jarmusch aliipamba filamu yake Broken Flowers kwa muziki wa Mulatu Astatke, Mhabeshi aliyezaliwa Jimma mwaka wa 1943. Katika hadithi, jirani mwenye asili ya Ethiopia anampa mhusika mkuu diski ya muziki huo aisikilize garini. Filamu hiyo ilimpatia Mulatu wasikilizaji wapya duniani kote, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo, jazi ya Afrika Mashariki ilifika Hollywood ikiwa abiria kwenye kiti cha nyuma: inasikika, haionekani.

Mwaka wa 2024 ilitoka filamu ya Mbelgiji Johan Grimonprez, Soundtrack to a Coup d'Etat. Inaiweka ziara ya Louis Armstrong nchini Kongo mwaka wa 1960 kando ya kuangushwa kwa Patrice Lumumba, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961, na kando ya Abbey Lincoln na Max Roach waliovamia kikao cha Baraza la Usalama mwezi uliofuata kupinga mauaji hayo. Muziki na mwili wa anayeupiga na sababu ya yeye kupelekwa pale anapopiga vimerudishwa pamoja. Lakini sehemu kubwa ya ushahidi imeletwa kwa maandishi kwenye skrini, mistari mingi inayopita upesi, kwa lugha za kigeni.

Vibanda vya video vya Kenya vina wafasiri wao, na DJ Afro ndiye mashuhuri zaidi, kama Uganda ilivyo na wake wanaosimulia kwa Kiganda. Filamu hii ikiletwa Muthara, mmoja wao atalazimika kuyasoma na kuyaeleza maandishi yale. Ili asikike, atapunguza sauti ya filamu, na tarumbeta ya Armstrong itapotea chini ya maneno yake.