Kabla Kesi Haijafunguliwa: Fidia ya Ajali za Barabarani Nchini Kenya na Mahali pa Msaada wa Kisheria

Mjadala kuhusu fidia ya ajali za barabarani nchini Kenya umezunguka swali moja kwa miaka mingi: majeruhi alipwe kiasi gani? Kampuni za bima zinalalamika kwamba mahakama hutoa fidia kubwa mno. Mawakili wanajibu kwamba anayedai hivyo hajawahi kulala wodini na mguu uliovunjika mara mbili. Bunge nalo limeirekebisha sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, zaidi ya mara moja, na macho yake yameelekea zaidi kwenye kiwango cha malipo. Wakati huohuo, kwa takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani na Uchukuzi (NTSA), mwaka 2023 pekee watu 4,324 walikufa barabarani, wengi wao wakiwa watembea kwa miguu, waendesha bodaboda na abiria wao.

Makala haya yanatetea hoja kwamba swali la kiasi limelifunika swali zito zaidi, yaani nani anasimama na majeruhi katika wiki za kwanza, kabla hata hajamwona wakili. Madai mengi huamuliwa katika wiki hizo. Hakimu akija kuyasikiliza miaka miwili baadaye, anachopima ni karatasi zilizokusanywa au zilizokosekana wakati ule.

Kwenye vitabu vya sheria, ulinzi upo. Sura ya 405 inamlazimu mwenye gari kuwa na bima ya kumlinda mtu mwingine atakayeumizwa. Kifungu cha 10 kinaitaka kampuni ya bima ilipe hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake, hadi shilingi milioni 3 kwa kila mdai. Kinachozidi hapo humwangukia mwenye gari mwenyewe. Sheria ya ukomo wa madai inampa majeruhi miaka mitatu ya kufungua kesi, ingawa gari likiwa la serikali muda huo hushuka hadi miezi 12. Lakini miaka mitatu haimfai kitu mtu ambaye ushahidi wake ulipotea ndani ya mwezi wa kwanza.

Mfano wa karibu ni abstrakti ya polisi. Ni fomu fupi inayotolewa na kituo kilichoshughulikia ajali, yenye namba ya gari, jina la dereva, jina la mwenye gari, kampuni ya bima na namba ya cheti chake, majina ya walioumia, na mstari wa matokeo ya uchunguzi. Mara nyingi mstari huo huandikwa kwamba uchunguzi bado unaendelea, na maneno hayo hubaki vilevile hadi siku abstrakti inapowekwa mbele ya hakimu. Namba ya cheti ikikosewa kwa tarakimu moja, kampuni ya bima itasema haimjui mteja huyo. Jina la mwenye gari likiandikwa kwa kumsikiliza dereva, huenda akatajwa mtu aliyeliuza gari zamani bila kubadilisha logibuku.

Mahakama zenyewe zimevutana kuhusu uzito wa karatasi hiyo. Katika rufaa ya Thuranira Karauri dhidi ya Agnes Ncheche, iliyofunguliwa mwaka 1996, Mahakama ya Rufaa ilisisitiza kwamba umiliki wa gari ukipingwa, mdai alete rekodi ya msajili wa magari. Mwaka 2013, katika shauri la Joel Muga Opija dhidi ya kampuni ya East African Sea Food, mahakama hiyohiyo ililegeza kamba: abstrakti iliyopokelewa kama kielelezo bila kupingwa inaweza kutosha kuthibitisha umiliki. Wanasheria husoma mashauri haya kama mabadiliko ya kanuni za ushahidi. Kwa majeruhi yana maana nyepesi zaidi: kama mtu angetafuta rekodi ya gari mapema, kusingekuwa na mabishano ya kupeleka hadi rufaa.

Stakabadhi nazo zina kisa chake. Sheria inatenganisha fidia ya jumla, inayolipia maumivu na ulemavu, na fidia maalum, inayolipia fedha zilizotumika. Ya pili sharti itajwe shilingi kwa shilingi katika hati ya madai na ithibitishwe kwa ukali. Teksi iliyomkimbiza majeruhi hospitalini usiku haitoi risiti. Dawa zilizonunuliwa duka la jirani huandikwa kwenye kipande cha karatasi kinachotupwa. Mahakama ya Rufaa ilionyesha utu mwaka 2013, katika shauri la Premier Dairy, iliposema si haki kuitarajia familia iliyofiwa ihangaike na kutunza kumbukumbu za gharama za mazishi. Huruma hiyo, hata hivyo, ilihusu mazishi. Aliye hai na anayeendelea na matibabu bado anadaiwa risiti zake.

Pengo linapanuka zaidi mtu anapokufa. Tuchukue mfano wa kubuni wa seremala wa miaka 35 aliyekuwa akipata shilingi 30,000 kwa mwezi, akaacha mke na watoto. Desturi ya mahakama ni kuchukua pato la mwaka, kulizidisha kwa miaka ambayo huenda angeendelea kufanya kazi, kisha kutwaa theluthi mbili kama sehemu iliyokuwa ikiihudumia familia. Hakimu akichagua miaka 20, hesabu ni shilingi milioni 4.8. Familia ikikosa kuthibitisha pato, hakimu hukimbilia kima cha chini cha mshahara. Tuseme ni shilingi 15,000, na fidia inashuka hadi milioni 2.4. Nusu ya urithi wa watoto imepotea kwa sababu daftari la karakana na taarifa za M-Pesa hazikutafutwa mapema. Tena hakuna sheria inayodai hati ya mshahara. Mwaka 2005, katika shauri la Jacob Ayiga Maruja lililomhusu seremala vilevile, Mahakama ya Rufaa ilikataa wazo kwamba nyaraka ndizo njia pekee ya kuthibitisha kazi na mapato. Shahidi anayemjua marehemu anatosha, ikiwa kuna mtu wa kumwambia mjane kwamba ushahidi wa namna hiyo unakubalika.

Mjane huyo anahitaji pia barua ya chifu inayowataja wategemezi, na kibali cha mahakama cha kusimamia mirathi ili adai kwa niaba ya mali ya marehemu. Na anahitaji kujua kwamba Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, inawatambua mke, mume, wazazi na watoto tu. Mdogo wa marehemu aliyekuwa akilipiwa karo na kaka yake hana nafasi humo.

Katika utupu huu ndimo anamoingia broka. Hufika wodini kabla ya jamaa kutoka kijijini, akiwa na fomu za kutiwa sahihi na ahadi kwamba hakuna malipo hadi fedha zitoke. Kupiga debe la kutafutia mawakili wateja kumekatazwa na Sheria ya Mawakili, na kifungu cha 46 cha sheria hiyo hakitambui makubaliano ya wakili kulipwa kesi ikishinda tu. Bado biashara hiyo inaendelea, kwa sababu inatoa huduma ambayo majeruhi maskini hana pengine pa kuipata. Broka anafuatilia abstrakti, anapeleka kwa daktari fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, anatafuta rekodi ya gari. Ubaya ni kwamba kazi hiyo hufanyika gizani. Asilimia atakayokatwa mdai haiandikwi popote, hundi ya bima hupitia kwa wakili, na anayehisi kupunjwa huishia kwenye Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, fedha zikiwa zimekwisha kutumika.

Kampuni za bima zina jibu lao, na halifai kupuuzwa. Zinasema madai ya uongo yamezidi: abiria ambao hawakuwemo garini, majeraha yaliyotiwa chumvi, abstrakti zilizouzwa. Zinaongeza kwamba hasara za magari ya abiria zimechangia kuziangusha kampuni, na orodha ya zilizoanguka ni ndefu: United mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, Resolution mwaka 2022. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa jedwali la fidia lililoingizwa katika Sura ya 405 kwa marekebisho ya 2013, likipanga malipo kwa aina ya jeraha. Chama cha Wanasheria kikaenda mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu vilivyobeba jedwali hilo.

Hata kama jedwali lingesalimika, lisingegusa kiini. Udanganyifu na unyimwaji wa haki vinakula meza moja, kwa kuwa vyote vinategemea taarifa za ajali kuwa mikononi mwa wachache. Orodha ya abiria waliojeruhiwa ikiandikwa siku ileile, ikathibitishwa na hospitali na kuonekana kwa pande zote, abiria hewa hana pa kujipenyeza, na abiria wa kweli hahitaji kumpa mtu chochote ili jina lake liwemo.

Kuna hatua ya mwisho inayowashangaza wadai wengi: kushinda kesi si kulipwa. Majeruhi hawezi kuishtaki kampuni ya bima moja kwa moja. Anamshtaki dereva na mwenye gari, na bima ikigoma kulipa hukumu anafungua kesi ya pili ya kuomba tamko kwamba kampuni inawajibika. Kesi hiyo huanguka ikiwa kampuni haikupewa notisi kwa wakati uliowekwa na sheria, makosa ambayo hutokea mwanzoni kabisa mwa safari. Kampuni ikiwa imefilisika, upo Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, lakini ukomo wake wa shilingi 250,000 kwa dai ni chini ya sehemu ya kumi ya zile milioni 3.

Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, imeleta nafuu. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya majeraha, inatakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60, na haifungwi na kanuni kali za ushahidi. Lakini kasi ya mahakama haimpi mdai namba ya cheti cha bima ambayo hakuandikiwa.

Majirani wanatoa mafunzo mawili. Tanzania, kwa Sheria ya Bima ya 2009, ilianzisha ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na mfumo wa kidijitali wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima unamwezesha mwananchi kuhakiki kwa namba ya gari kama lina bima hai, iwe bima ndogo, inayomlinda mtu mwingine tu, au bima kubwa, inayolinda na gari lenyewe. Rwanda imekwenda mbali zaidi: Mfuko wake Maalumu wa Dhamana huwalipa walioumizwa na magari yaliyotoroka au yasiyo na bima, watu ambao Sura ya 405 ya Kenya haina la kuwaambia.

Kenya haihitaji kuanza sifuri. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwahudumia maskini tangu 1973. Kinachokosekana ni kuihamishia huduma hiyo mahali ajali zinapopokelewa. Hospitali kuu za kaunti zilizo kwenye barabara kuu zingepewa wasaidizi wa kisheria wanaofungua jalada la kila majeruhi ndani ya saa 48: nakala ya abstrakti, rekodi ya gari, muhtasari wa daktari, risiti, na notisi kwa bima. Malipo ya wakili yanayotegemea ushindi yangehalalishwa na kuwekewa ukomo, kama ilivyofanya Afrika Kusini mwaka 1997, ambako wakili hawezi kuchukua zaidi ya robo ya fedha zilizopatikana. Na mdai angeruhusiwa kuiunganisha kampuni ya bima katika kesi ya kwanza, ili ya pili isihitajike.

Gharama ni pingamizi la haki, lakini njia ya kuzilipia inajulikana. Tayari kila anayelipa bima hukatwa asilimia 0.2 kwa ajili ya mafunzo ya sekta na asilimia 0.25 kwa ajili ya Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima. Tozo ya kiwango hicho juu ya bima ya magari, ikielekezwa kwa wasaidizi wa kisheria wa hospitalini, ingelipwa na walewale ambao magari yao huleta hatari barabarani. Inaweza kujaribiwa kwanza katika kaunti chache za barabara ya Mombasa hadi Malaba, na matokeo yake yapimwe kwa vigezo viwili: idadi ya madai halali yanayolipwa bila kesi ya pili, na idadi ya madai ya uongo yanayonaswa kabla ya kufika mahakamani.