Mhunzi na Gobore

Mtu anayengojea kivuko huko Kamanga, upande wa Sengerema, huuona mji wa Mwanza ng'ambo ya ghuba, umekaa juu ya mawe yake. Nchi iliyo nyuma yake ni Uzinza, na zamani Uzinza ilijulikana kwa chuma. Warongo walichimba udongo wa chuma, wakauyeyusha kwa makaa na mivuo, wakafua majembe yaliyouzwa hata Usukuma, ambako yalilimiwa na kutolewa mahari. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka pwani ilileta huku bara chuma cha namna nyingine, nacho ni gobore. Historia imeandika mengi juu ya wafanyabiashara waliouza bunduki hizo, na juu ya watawala waliozitumia, kama Mirambo wa Unyamwezi aliyefariki mwaka 1884. Juu ya mafundi waliozifungua, wakazisafisha na kuzifunga tena, imeandika haba sana.

Gobore hushindiliwa kwa mdomoni: kwanza baruti, kisha risasi, vyote vikisukumwa kwa mdeki. Baruti yenyewe ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, kwa kadiri ya sehemu 75, 15 na 10 katika 100. Bunduki nyingi za biashara zilitengenezwa Birmingham, Uingereza, na Liège, Ubelgiji. Majeshi ya Ulaya yalipoanza kutumia bunduki za kujazwa kwa nyuma, hasa tangu miaka ya 1860, silaha zao kuukuu zilitafutiwa soko Afrika. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalipiga marufuku kuingiza silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini yaliacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ya biashara. Basi Mwafrika aliruhusiwa silaha iliyokwisha kupitwa na wakati, naye ilimpasa aitunze.

Kuitunza hakukuwa jambo dogo. Baruti ikiungua huacha masizi yanayovuta unyevu wa hewa, na kando ya ziwa unyevu haukosekani. Silaha isiyosafishwa hushikwa na kutu upesi. Fundi mwangalifu huanza kwa kuhakikisha kwamba haina kitu ndani. Huteremsha mdeki mpaka ukome, huutia alama mdomoni, kisha huulaza juu ya kasiba kwa nje. Ncha yake isipofika usawa wa tundu la moto, imo baruti iliyosahauliwa. Watu wamepoteza vidole, na wengine maisha, kwa kudharau hatua hii.

Baada ya hapo hulegeza parafujo zinazoshika mtambo na kuutoa mzima katika mti wake. Hugonga taratibu vijiti vya chuma vinavyofunga kasiba, akafungua parafujo ya nyuma, na kasiba ikainuka. Kila parafujo huwekwa mahali pake pa peke yake, kwa kuwa meno ya parafujo zilizochongwa kwa mkono hayafanani. Ya tundu hili haikubali tundu lile. Kazi ngumu kuliko zote ni kamani kubwa ya mtambo. Lazima ibanwe kabla ya kutolewa, la sivyo huruka au huvunjika. Kasiba huoshwa kwa maji ya moto, hukaushwa na kupakwa mafuta. Mti husuguliwa, na jina la karatasi tuitumiayo leo kwa kazi hiyo, msasa, ni jina la mti ambao majani yake makavu yalisugulia mbao kabla karatasi hiyo haijafika kwetu.

Kamani ikivunjika ndipo fundi hujulikana. Lugard, ofisa wa Uingereza aliyefika Buganda mwaka 1890, alimsifu fundi mmoja aitwaye Kisule kwa ustadi wake wa kutengeneza kamani mpya na kuponya bunduki mbovu. Alieleza kwamba Kisule alifundishwa na Alexander Mackay, mmisionari mhandisi aliyefika Buganda mwaka 1878, akafukuzwa mwaka 1887, akahamia Usambiro kusini mwa ziwa hili, ambako alifariki mwezi wa Februari 1890. Hatuna sababu ya kukana kwamba Mackay alifundisha. Lakini kamani haifanywi kwa maneno. Chuma hutiwa moto, hupozwa ghafula, kisha hurudishwa motoni kidogo hadi kiwe na unyumbufu. Na fundi huitambua kadiri ya moto kwa kuitazama rangi. Buganda na Uzinza zilikuwa na wahunzi wenye macho ya namna hiyo kabla Mackay hajazaliwa. Mwalimu alikuta shamba lililokwisha kulimwa.

Siku hizi kuna viwanda, hasa huko Gardone, Italia, vinavyotengeneza bunduki na bastola mpya kwa mfano wa zile za kale, kwa ajili ya mashindano ya kulenga shabaha. Mwenye bastola ya namna hiyo akitaka kuifungua, kuikwangua rangi na kuitia nyingine, hapotezi kitu. Gobore la zamani ni jambo lingine. Katika mtambo wake huenda mna taji na neno Tower, alama ya ghala la silaha la London. Huenda mti wake uliopasuka umefungwa kwa ngozi mbichi, ambayo ikikauka hubana kama pingu. Tupa na msasa huyafuta yote mawili kwa asubuhi moja, gobore likang'aa na lisiseme kitu. Katika makumbusho yatosha kuondoa kutu iliyo hai na kupaka mafuta kidogo.

Mwanafunzi atakayepata ruhusa ya kukagua gobore la makumbusho na azitazame kwanza parafujo. Akiiona moja iliyochongwa tofauti na wenzake, hiyo pengine haikutoka Birmingham wala Liège.