Bakteria Walioota Sugu

Bango la zahanati moja hapa Babati linawaonya wazazi kuhusu "usugu wa dawa". Dawa ipi hiyo iliyo sugu? Seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, ni ileile iliyotoka kiwandani. Waliobadilika ni bakteria waliomo kwenye damu ya mtoto. Mitaani nako husemwa mwili umezoea dawa, kana kwamba mkosaji ni mgonjwa. Wataalamu wakaja na "usugu wa vimelea dhidi ya dawa", wakaufupisha ukawa UVIDA. Maana imenyooka, sibishi, ila mama anayekumbuka UVIKO atauliza chanjo yake inatolewa lini. Wapo pia mabwana wa "ukinzani", neno ambalo watu wa umeme walishalichukua zamani.

Neno tunalo. Sugu na sugua ni ndugu: sugu ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa, kama kiganja cha mkulima wa mbaazi kwenye mpini wa jembe. Na sugu huota. Basi tuseme bakteria wameota sugu, kama nilivyopendekeza kwenye vikao ambavyo havikuona haja ya kunijibu. Hapo mwenye sugu anajulikana, na aliyesugua, yaani dawa inayotumiwa ovyo, anajulikana pia. Nitaambiwa kwamba kwa bakteria wanyonge hufa, wagumu wakabaki wakizaana, na kwamba ngozi haifanyi hivyo. Sawa. Mwenye neno lisilo na kasoro alilete.

Isitoshe, maabara wametutangulia: kutafuta bakteria kwenye damu wao hukuita kuotesha. Juu ya sahani wanamooteshwa hupangwa vipande vya karatasi vyenye dawa. Dawa inayofaa huzungukwa na duara tupu. Isiyofaa, bakteria huota mpaka ukingoni mwake. Majibu huweza kuchukua siku mbili au zaidi, na mtoto mchanga mwenye homa kali hasubiri, kwa hiyo daktari huanza matibabu kwa kukadiria. Katika utafiti uliofanyika Muhimbili mwaka 2001 hadi 2002, watoto waliokutwa na bakteria wa Gram-hasi kwenye damu walifariki kwa asilimia 43.5, zaidi ya mara mbili ya wenye malaria.

Matumizi: mama akiomba "rangi mbili", yaani kapsuli za antibiotiki, za mafua kwenye duka la dawa muhimu, ajibiwe, "Hiyo haitibu mafua, mama, utawaotesha bakteria sugu bure." UVIDA ibaki kwenye vichwa vya barua.