Kisiwa cha Lindisfarne

Majeshi ya Rumi yaliondoka Uingereza karibu na mwaka 410, na nyuma yao amani ikavunjika. Waangli na Wasaksoni wakaja toka ng'ambo ya bahari, wakajifanyia falme ndogo ndogo zilizopigana zenyewe kwa zenyewe. Bara ilijaa misitu na vinamasi. Mtu aliyetaka kusafiri mbali aliona bahari ni njia nyepesi zaidi. Tusipokumbuka jambo hili, twaweza kudhani ya kuwa watawa wa siku zile walikaa visiwani ili wajifiche, kumbe walikaa penye njia.

Mwaka 635 Oswald, mfalme wa Northumbria, alituma watu Iona, kisiwa cha magharibi ambako Columba wa Ireland alijenga monasteri mwaka 563, kuomba mwalimu wa dini. Akaletewa Aidan, naye akapewa Lindisfarne. Maji yakipwa, kisiwa hiki huendewa kwa miguu. Yakijaa, hutengwa na bara. Bamburgh, ngome ya mfalme, yaonekana toka hapo. Aidan hakujua vema Kiingereza. Basi alipohubiri, mfalme mwenyewe, aliyejifunza lugha ya Ireland alipokuwa mkimbizi, alisimama kuwa mkalimani wake. Tena Aidan alichukua watoto 12 wa nchi ile awafundishe. Walimu wetu watapenda kujua ya kuwa mmoja wao, Eata, alikuwa askofu palepale baadaye.

Mwaka 793 merikebu za Wavikingi zikaja kwa bahari ile ile. Kisiwa hakikuwa na ukuta wala askari, na mali ya kanisa ilikuwa karibu na ufuo. Wakaua, wakateka nyara, wakachukua wengine mateka. Hata hivyo watawa walikaa miaka 80 na zaidi, ustahimilivu ambao sisi twaustaajabia kuliko majengo yao yote. Mwaka 875, jeshi la Wavikingi lilipokaribia, wakaondoka, wakiuchukua mwili wa Askofu Cuthbert, aliyefariki mwaka 687. Wakatangatanga miaka 7, hata wakatua Chester-le-Street. Mwaka 995 wakahamia Durham, juu ya kilima kinachozungukwa na mto karibu pande zote.

Kitabu chao cha Injili nne, kilichoandikwa Lindisfarne kwa Kilatini karibu na mwaka 700, kilisalimika. Huko Chester-le-Street, katika karne ya 10, padre Aldred aliandika Kiingereza katikati ya mistari, neno juu ya neno. Ni tafsiri ya kale kuliko zote zilizosalia za Injili nne kwa Kiingereza. Kitabu kipo London, na maandiko madogo ya Aldred yangali yasomeka.