HISTORIA YA MABLANKETI YA VIRAKA NA SOMO LAKE KWA KIKUNDI CHETU



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha mwaka wa kumi tukiwa wazima, na sanduku letu la kufuli tatu likiwa bado na kitu ndani. Wapo waliosema hatutamaliza hata mwaka mmoja. Leo tumekaa nao hapa hapa tunakula pilau.

Katibu ameshaandika historia ya kikundi katika kurasa za mwanzo, sina haja ya kuirudia. Mimi kama Mwenyekiti nimeombwa niandike makala. Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Nimechagua kuandika habari za akina mama wa mbali, wa kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama, Marekani. Wao walishona mablanketi ya viraka kama sisi, ambayo kwao huitwa kwilti. Isitoshe, mkutano mkuu wa mwaka huu una ajenda nzito: tutoe au tusitoe fedha za kikundi kufungua duka la mablanketi yetu kwenye intaneti. Habari hizi binti yangu alinisomea na kunifasiria jioni baada ya jioni. Naona zinatuhusu.

WALIKOTOKA

Gee's Bend ni sehemu ambapo mto Alabama umepinda ukazunguka ardhi pande tatu. Mwaka 1816 alifika pale mtu aitwaye Joseph Gee akaanzisha shamba kubwa la pamba, kazi ikifanywa na watumwa weusi. Mwaka 1845 shamba likaingia mikononi mwa Mark Pettway. Wazee wa wazee wa watu wa pale walikuwa watumwa wa shamba hilo, na mpaka leo wengi wao wanaitwa Pettway, jina la mtu aliyewamiliki.

Utumwa ulipokwisha walibaki wakilima pamba katika ardhi isiyo yao. Nyumba zilikuwa za mbao, baridi inapita kwenye nyufa. Akina mama wakachukua suruali za kazi zilizochakaa, magauni ya zamani na magunia, wakakata viraka na kuviunga. Blanketi la namna hiyo lina tabaka tatu: juu viraka, katikati pamba, chini kitambaa kizima, halafu sindano inapita zote tatu pamoja. Hawakushona ili wauze. Walishona ili watoto wasife kwa baridi.

DENI LA MWAKA 1932

Hapa naomba tusome polepole, maana ni jambo la mkopo na sisi ni watu wa mkopo.

Wakulima wale walikuwa wakikopa kwa mfanyabiashara mmoja wa mji wa Camden, ng'ambo ya mto. Bei ya pamba ilianguka, madeni yakapanda. Mfanyabiashara akafariki, na mwaka 1932 mjane wake akadai vyote kwa mara moja. Familia kama 60 zilichukuliwa mifugo, majembe, mikokoteni, mahindi, hata kuku. Walipita msimu wa baridi kwa taabu kubwa, Msalaba Mwekundu ukiwapelekea chakula.

Jamani, mtu anayekudai akijua hesabu na wewe huijui, amekushika. Ndiyo maana katika kikundi chetu kila mwanachama anasomewa daftari lake mbele ya wote. Wanaolalamika kwamba mikutano ni mirefu, wakumbuke hao.

Baadaye serikali ya Marekani ilinunua mashamba yale, ikajenga nyumba na kuwauzia wananchi kwa mkopo nafuu. Wakawa na chao. Ilipofika miaka ya 1960 wakaanza kudai haki ya kupiga kura. Mwaka 1962 kivuko cha kwenda Camden kikasimamishwa, wasivuke kwenda kujiandikisha. Ikabidi wazunguke kwa barabara karibu saa nzima kwa gari, wakati mji wako ng'ambo tu. Kivuko kilirudi mwaka 2006, baada ya miaka 44.

USHIRIKA WAO

Mwishoni mwa mwaka 1965 padre mmoja wa Kianglikana, Francis X. Walter, aliona mablanketi yameanikwa kwenye kamba. Akayanunua kwa dola 10 kila moja, yakapelekwa New York kuuzwa kwa mnada. Mwaka 1966 akina mama wa Gee's Bend na vijiji vya jirani wakaunda ushirika ulioitwa Freedom Quilting Bee. Meneja wake kwa miaka mingi alikuwa Bi Estelle Witherspoon, mwenyeji wa pale pale. Walinunua ardhi, wakajenga jengo la kushonea. Mwaka 1972 walipata mkataba wa kushonea kampuni ya Sears foronya za kitambaa cha kodrai.

Faida ilikuwepo: mshahara wa mwanamke ulioingia mkononi mwake mwenyewe. Lakini maduka makubwa yalitaka kila kitu kifanane, mshono ule ule, rangi ile ile. Fundi aliyezoea kupanga viraka kwa kichwa chake akawa anafuata oda. Wazee wakafariki, oda zikapungua, na mwaka 2012 ushirika ukafungwa.

Wakati huo huo mablanketi ya zamani yalikuwa yamepata sifa. Mwaka 2002 yalitundikwa kwenye jumba la makumbusho Houston, kisha New York. Mwaka 2006 picha za mablanketi kumi zilichapishwa kwenye stempu za posta za Marekani. Hata hivyo, mwaka 2007 baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani wakisema hawakupata haki yao katika biashara iliyotokana na kazi zao. Kesi zilimalizika kwa mapatano mwaka 2008. Sifa ni kitu kimoja, fedha ni kitu kingine.

DUKA LA INTANETI

Mwaka 2021, kwa msaada wa mashirika, washonaji tisa wa Gee's Bend walifungua maduka yao kwenye soko la intaneti liitwalo Etsy. Kila mmoja duka lake, kwa jina lake, bei anapanga mwenyewe. Mteja yuko mbali, anaona picha, analipa, blanketi linatumwa kwa posta. Kivuko walichonyimwa miaka 44, safari hii wamevuka bila kukiomba.

Lakini soko hilo si la bure. Unalipa senti 20 za dola kwa kila bidhaa unayoiweka. Ikiuzwa wanakata, na kuanzia Aprili 2022 makato yalipanda kutoka asilimia 5 hadi 6.5. Ukiuza kwa dola 100, dola 6 na senti 70 zimeshaondoka, bado makato ya malipo, bado posta. Na blanketi ni zito. Asiyelipima kwenye mizani kabla ya kutaja bei atamfanyia mteja kazi bure.

NASI JE?

Sasa niseme ukweli wangu. Ajenda hii ilipoletwa na vijana mara ya kwanza, mimi ndiye niliyeipinga. Mnakumbuka yule mteja wa mjini aliyeagiza mablanketi manne kwa simu, tukayapakia kwenye basi, na fedha hatukuziona wala simu hakupokea tena. Mimi ndiye niliyeruhusu yaende kabla ya malipo. Niliogopa kurudia aibu ile, nikajificha kwenye maneno ya "tulinde akiba". Naomba radhi.

Kosa langu la pili ni bei. Tulikuwa tunahesabu uzi na vitambaa tu. Bibi yetu mmoja, mkubwa kuliko sote, alishona kwa mkono majuma matatu. Tulipogawa, alichopata hakikutosha debe la mahindi. Akapokea, akasema asante. Asante ile bado inaniuma.

Kwa hiyo, katika mkutano mkuu nitaunga mkono duka, kwa masharti haya:

1. Fedha zitoke kwenye faida ya mablanketi, zisiguse hisa za wanachama wala mfuko wa jamii.

2. Bei ihesabu vitambaa, siku za kazi, makato na posta.

3. Kila blanketi liwe na jina la aliyelishona, na yeye aambiwe limeuzwa kiasi gani.

4. Picha zipigwe mchana, vipimo viandikwe kwa sentimita, na penye mshono uliopinda tuseme umepinda.

5. Mzigo usiondoke kabla ya fedha kuingia.

6. Neno la siri la duka lisikae kwa mtu mmoja, hata akiwa Mwenyekiti. Liwe kama kufuli zetu tatu.

Tukiuza moja kwa mwezi, tushukuru. Tusipouza, mablanketi hayaozi, na baridi ya mwezi wa saba ipo kila mwaka.

Wanachama wenzangu, kura ni yenu. Njooni wote, msitume wawakilishi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini lazima kibaba kiwe chako.



Mwenyekiti